Wasomaji wanauliza: Kobe wa ndani ya nyumba na makazi yanayomfaa

SWALI: Mheshimiwa Daktari, nakusalimu. Tunaishi katika ghorofa ya tatu hapa Ntinda, Kampala, na hatuna ua. Shemeji yangu, ambaye hupeleka mizigo Moroto, alituletea kobe mwenye madoa meusi na ya manjano, ambaye ukubwa wake haujazidi kiganja cha mtu mzima. Tumemweka ndani ya beseni la plastiki karibu na dirisha la sebuleni ili apate jua, chini tumemtandikia gazeti, na tunamlisha kabichi, mkate na ndizi mbivu. Kutwa nzima anaukwaruza ukingo wa beseni, na siku hizi gamba lake linabonyea kidogo ukilibana kwa vidole. Tumtengenezee makazi ya namna gani?
Msomaji, Ntinda

JIBU: Nakushukuru, ndugu yangu, kwa kueleza kila jambo bila kuficha. Nitaanza na gamba, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja seremala amalize kazi. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, wenye damu na neva, ulioungana na mbavu pamoja na uti wa mgongo. Kobe aliyeanguliwa karibuni huwa na gamba laini kidogo, lakini akifikia ukubwa wa kiganja anapaswa kuwa mgumu kila upande. Gamba la kobe wa umri huo linapobonyea, mara nyingi mwili umepungukiwa na kalsiamu na umeanza kuichota kwenye mifupa. Mpeleke kwa daktari wa wanyama wiki hii. Usipompata mwenye uzoefu wa kobe mtaani kwenu, ulizia katika chuo cha tiba ya wanyama cha Chuo Kikuu cha Makerere.

Chanzo kikuu, kwa maelezo yako, ni lile dirisha. Kobe hutengeneza vitamini D3 ngozini kwa msaada wa miale ya urujuanimno ya aina ya B, na akiikosa vitamini hiyo, sehemu kubwa ya kalsiamu anayokula hupita tumboni bila kumfaa. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, lakini huzuia karibu miale yote ya aina hiyo, hivyo kobe wako amekuwa akipata joto la jua bila faida yake. Isitoshe, beseni dogo lililowekwa nyuma ya kioo chenye jua kali hupata joto la kumuua kwa muda mfupi, kwa sababu hana kivuli cha kukimbilia. Liondoe hapo leo.

Jambo la pili ni la sheria, na ninaomba wasomaji wote wenye kobe walizingatie. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, mnyama wa porini ni mali ya taifa inayosimamiwa na Serikali kwa niaba ya wananchi, na kumfuga kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Kumchukua kobe porini na kumleta mjini, hata kwa nia njema, hakuruhusiwi. Wasiliana na Mamlaka hiyo uwaeleze hali ilivyo. Wao ndio watakaoamua kama utapewa kibali au kama kobe atapelekwa mahali pengine, kwa mfano kwenye kituo cha wanyama cha Entebbe ambacho kimekuwa kikipokea wanyama waliookolewa tangu miaka ya 1950. Usimwachilie katika kichaka chochote kilicho karibu na Kampala, kwani anaweza kuwaambukiza kobe wengine magonjwa, na ardhi yenyewe si ile ya Karamoja anayoijua.

Wakati ukisubiri maelekezo, ni haki yake aishi vizuri. Kwa madoa uliyoyataja na mahali alikotoka, naona huyo ni yule ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis, kobe wa nyika kavu ambaye hutembea sana akitafuta majani. Ndiyo maana beseni linamtesa. Mwambie seremala akutengenezee sanduku la mbao lisilo na mfuniko, lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60 kwa uchache, na kimo cha sentimita 40 hivi. Kuta zisiwe za kioo wala plastiki angavu, kwa sababu kobe haelewi kizuizi ambacho macho yake yanapenya, na atakisukuma mpaka achubuke. Mbao za ndani zipakwe rangi isiyo na sumu, na sanduku liachwe lipate hewa mpaka harufu iishe kabisa.

Sasa jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote: ndani ya sanduku hilo hali isiwe moja kila mahali. Kobe hazalishi joto la kutosha mwilini mwake kama sisi. Hujipasha na kujipoza kwa kuhama kutoka mahali hadi mahali, na ukimnyima nafasi ya kuhama umemnyima uwezo wa kujitunza. Upande mmoja ning'iniza taa ya joto juu ya jiwe bapa, ili hapo chini yake pawe na nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi. Upande wa pili uwe na kivuli, wenye nyuzi 24 hivi, na kibanda cha kujificha. Hata chungu kilichovunjika nusu kinafaa, kingo zake zikishalainishwa. Weka kipimajoto kila upande, kwenye usawa wa mgongo wa kobe, maana mkono wa binadamu hupima vibaya. Taa iwake saa 12 kwa siku na kuzimwa usiku. Ishikiliwe kwa mnyororo wala si kwa waya wake wa umeme, na kishikio cha balbu kiwe cha kauri, kwa kuwa kile cha plastiki huyeyuka na kuleta moto.

Ipo pia taa maalumu inayotoa miale ya urujuanimno, na anayeweza kuinunua ataitundika kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Ajue tu kwamba miale hiyo hupungua baada ya miezi 6 hadi 12 ingawa taa inaendelea kuwaka vizuri machoni petu, kwa hiyo hubadilishwa kabla haijaungua. Hata hivyo, sisi tunaoishi hapa kwenye ikweta tuna jua ambalo taa yoyote hailifikii. Mpandishe juu ya paa au mtoe kwenye roshani kila asubuhi isiyo na mvua, ndani ya boksi lililo wazi juu, nusu yake ikiwa kivulini, kwa nusu saa au zaidi, na usimwache peke yake: kunguru na mwewe wa Kampala humchukua kobe mdogo bila kusita.

Gazeti liondoe. Tandika udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi ukilipata, kwa kina cha sentimita 8 hadi 10, ili achimbe na kujifukia. Wengi huniuliza kuhusu maganda ya kahawa kwa kuwa yanapatikana kwa wingi na hutandikwa katika mabanda ya kuku. Siyapendekezi, kwa sababu yana kafeini, na yakipata unyevu huota ukungu upesi. Vumbi la mbao nalo huingia machoni na puani. Ndani ya kile kibanda cha kivulini, udongo uwe na unyevu kidogo wakati wote, kwani kobe mchanga anayekulia pakavu mno hupata gamba lenye vivimbe kama vichuguu, ambavyo havirudi tena chini.

Maji ya kunywa yawe kwenye sahani pana isiyo na kina, ambayo anaweza kuingia na kutoka mwenyewe. Pamoja na hayo, mara 3 kwa wiki mwogeshe kwa dakika 15 hadi 20 katika maji ya uvuguvugu yanayofika pale gamba la juu linapokutana na la chini. Utamwona akiinamisha kichwa na kunywa kwa muda mrefu, kisha akikojoa. Ukiona kitu cheupe laini kama uji mwepesi, usiwe na wasiwasi, hayo ni mabaki ya kawaida ya mwili. Kikiwa kigumu na chenye chembechembe kama mchanga, maji yamempungua.

Mkate na ndizi acha kabisa. Tumbo la kobe huyu limeumbiwa nyasi na majani yenye nyuzinyuzi nyingi. Wanga na sukari huvuruga wadudu wadogo wanaomsaidia kuyeyusha chakula. Mpe nyasi changa, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforosadi, na mara mojamoja matembele. Mchicha na spinachi visiwe chakula cha kila siku, kwani vina asidi inayoizuia kalsiamu. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa yakawa unga, nyunyiza kidogo juu ya majani. Na ujue mapema kwamba huyo mdogo anaweza kufikia zaidi ya kilo 10 na kuishi zaidi ya miaka 50. Sanduku la sebuleni ni la utotoni. Mtu asiye na ua hawezi kumtunza mpaka mwisho.

SWALI: Mimi niko Kabale. Kobe wetu hali wala hatembei tangu baridi ilipozidi, na jirani anasema huo ni usingizi wa msimu, tusimsumbue. Je, nimwekee taa ya vifaranga au sigiri ya makaa?
Msomaji, Kabale

JIBU: Huo si usingizi, dada yangu, ni mwili ulioshindwa na baridi. Usingizi wa msimu ni wa kobe wa nchi zenye majira ya theluji, si wa hawa wa kwetu. Kobe akipoa, chakula kilichomo tumboni hakiyeyuki bali huoza, na kinga yake hushuka mpaka mapafu yakaambukizwa. Ukiona mapovu puani au akihema kwa kuachama mdomo, mwahishe kwa daktari.

Sigiri usiiingize kamwe, kwa sababu hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa huua mnyama na watu waliolala chumba hicho. Taa kubwa ya vifaranga nayo ina joto la kupasha banda zima. Ikining'inizwa juu ya sanduku dogo itaunguza mgongo wa kobe. Kinachofaa usiku ni kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga, kilichofungwa kwenye kidhibiti joto, ili sanduku lisishuke chini ya nyuzi 18. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa kinene na uifukie nusu kwenye udongo wa upande mmoja, ili akizidiwa na joto asogee. Siku hiyo usimlazimishe kula mpaka apate joto.

SWALI: Wanangu wawili, wa miaka 3 na 7, wanapenda sana kumbeba na kumbusu kobe wetu. Baba yao anataka kumtoboa gamba afungwe kamba asipotee. Kuna ubaya?
Mama wa watoto, Mbale

JIBU: Upo, tena mkubwa, katika yote mawili. Nimekwisha kueleza kwamba gamba ni mfupa ulio hai. Kulitoboa kunamuumiza na kufungua njia ya usaha kuingia mwilini. Mzungushieni uzio mfupi wa matofali uliozama kidogo ardhini, itatosha.

Kuhusu kumbusu, kobe hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwaweka mdomoni na kuugua. Huyo wa miaka 3 amwangalie tu bila kumshika. Wa miaka 7 anaweza kumlisha, mradi anawe mikono kwa sabuni mara baada ya hapo. Sahani za kobe zisioshwe kwenye sinki la jikoni, na maji aliyoogeshewa yamwagwe chooni.