Pawa saplai ya "wati 700" kwenye kompyuta ya kwanza ya gemu

Mkuu, umeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, kadi ya michoro ya RX 6600, kijiti kimoja cha RAM cha GB 16 na pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) ya "wati 700" isiyo na jina vitatosha kucheza gemu kwa ubora wa picha wa 1080p. Prosesa na kadi viache hivyo hivyo, vinaendana.

Pawa saplai ndiyo itakuliza. Prosesa hiyo ni ya wati 65, kadi wati 132, kwa hiyo wati 550 za kweli zinatosha na kubaki. Soma stika ubavuni: tafuta +12V, yaani njia ya umeme wa volti 12, chukua ampea zake zidisha kwa 12. Ikiandikwa 25A, hizo ni wati 300 tu, boksi litambe litakavyo. Ikizidiwa, mashine inazima katikati ya gemu. Ikiungua vibaya inaondoka na mazabodi.

RAM chukua vijiti viwili vya GB 8, DDR4 3200. Chomeka nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa, kisha washa XMP (mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili) kwenye BIOS, ile programu ya mazabodi inayowasha mashine, la sivyo mwendo wa RAM utabaki 2133 au 2400.

B450 nyingi zilitoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo. Mwambie muuzaji asasishe BIOS kabla hujalipa, maana bila hivyo haiwaki. Na waya wa skrini uchomeke kwenye kadi yenyewe. 5600 haina michoro ya ndani, ukichomeka kwenye mazabodi utaona giza tupu.