Mtoto anauliza babake alipenda nini

SWALI
Shangazi, habari yako. Niko Bungoma. Kakangu mdogo alikuwa mwanajeshi na aliuawa El Adde kule Somalia, Al-Shabaab walipovamia kambi yao, tarehe 15 Januari 2016, akiwa na miaka 24. Alituachia mtoto wa miezi tano, saa hii ni mkubwa anasoma. Juzi ameniuliza mimi shangazi yake, "Senge, baba alikuwa anapenda nini?" Nikakosa jibu, juu kwa nyumba tuko na picha moja tu ya gwanda na mama hataki mtu ataje jina lake. Mzee anataka tumfanyie makumbusho makubwa ya hema na wageni, mama akisikia hivyo anachukua jembe anaenda shamba. Tufanye nini?

JIBU
Pole sana dada, na umpelekee mama pole zangu. Tena usimlaumu. Miili ya wengi waliouawa El Adde ilibidi itambuliwe kwa DNA, familia zikangoja na kungoja, alafu sanduku likaja limefungwa, bendera juu. Na kwetu huku magharibi unajua venye tunazika, watu hupanga laini wakapita kumuona uso, hadi watoto wanabebwa waone. Sasa kama mama alizika sanduku, kuna kitu ndani yake bado hakijakubali. Nimeishi Lanet karibu na kambi miaka mingi na jirani yangu alipoteza kijana hivyo hivyo, kila malori yakipita usiku alikuwa anaamka anawasha taa ya nje. Hakuna mtu kwa ploti alimwambia azime.

Kwa hivyo hema ya Januari mimi ningeiacha kwanza. Lakini mzee msimkatalie kwa ubaya, anataka watu wajue kijana wake alikufa kazini, na ana haki, hata serikali haikuwahi kutangaza hesabu kamili ya waliokufa siku hiyo. Kuna tarehe 14 Oktoba, siku ya KDF, jeshi la Kenya hukumbuka wenzao walioanguka. Siku hiyo aalike wazee wenzake, kaburi lifyekwe, pasta aombe, wanywe chai waende. Januari iwe ya mama.

Sasa swali la mtoto ndio limenishika roho. Hajauliza baba alikufa aje, ameuliza alipenda nini, na hilo jeshi haliwezi kumjibu, ni nyinyi. Nunua daftari uzunguke nayo, enda kwa wale alisoma nao, wale alicheza mpira nao, hadi yule wa boda alimpeleka uwanjani siku ya kuandikwa jeshi. Hiyo siku peke yake ni hadithi, vijana wanakimbizwa, wanapimwa urefu, wanafunguliwa mdomo meno yaangaliwe. Alirudi nyumbani akisema nini? Nani alilia? Alipotoka Eldoret kwa mafunzo amekonda, mlimpikia nini? Andika na mabaya pia, kama alikuwa mkaidi andika mkaidi, kama alikopa pesa ya shule akanunua viatu andika, juu mtoto akiletewa malaika hatajiona ndani yake hata kidogo, na huyo mtoto anatafuta kujiona.

Mama usimhoji, na daftari usimwonyeshe saa hii. Kaa naye jikoni mkichambua mboga, alafu wewe ndio useme kitu kidogo tu, "huyu kijana alikuwa anachukia murere," unyamaze, uendelee kuchambua. Akitoka aende shamba mwache aende, hata kama ni mara tano. Itafika siku atakusahihisha, atakwambia hapana, murere alikuwa anakula vizuri, ni saga ndio alikuwa hataki. Hiyo siku usiulize swali la pili, mwite tu mtoto aje akae karibu na nyanya yake.