Planktoni zangu ziko kwenye fomalini. Nitapata DNA?

Swali: Nasoma shahada ya kwanza, mwaka wa tatu, na ninaomba mafunzo kwa vitendo kwenye maabara ya vinasaba vya viumbe vya bahari, Zanzibar. Nina chupa 12 za planktoni za mwaka jana kutoka Ghuba ya Chwaka, zimo kwenye fomalini ya asilimia 4. Nikizitaja kwenye barua zitanisaidia?

Jibu: Kuomba omba, chupa ziache. Zinafaa kuhesabia kopepodi, yaani planktoni wadogo wa jamii ya kamba, chini ya hadubini, basi. Fomalini huigandisha DNA na protini zake, na isipotiwa boraksi hugeuka tindikali ikaikatakata. Kipande cha jeni ya COI, tunachokitafuta kwa kawaida ili kutambua spishi, kina bezi (herufi za DNA) kama 658. Humo utabahatisha vipande vifupi vifupi tu, tena kwa mbinu asizopewa mwanagenzi.

Kinachonichosha ni imani kwamba mashine itaona tu. Wapo wanaopokea sampuli kama hizi, PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) ikigoma wanapandisha mizunguko kutoka 35 hadi 45, mstari wa DNA unatokea kwenye jeli, mwanafunzi anapiga picha kwa furaha. Mfuatano ukisomwa, ni bakteria, au ni DNA ya huyohuyo mwanafunzi! Ndiyo maana kila PCR huwekewa kichupa cha maji safi kisicho na DNA. Nacho kikitoa mstari, matokeo ya siku hiyo hayaaminiki.

Kusanya upya, na spiriti ya dukani usiiguse: ya kidonda huwa asilimia 70 hivi, ya jiko ina rangi na viongezo. Tafuta ethanoli ya asilimia 95 au 96. Kokota wavu wa matundu ya mikromita 200, chuja maji ya bahari mpaka yaishe, kisha planktoni zisizidi robo ya chupa, kwingine kote ethanoli. Baada ya saa 24 imwage, utie mpya, maana maji ya miilini mwao yameshaizimua. Hapa ndipo wengi huharibu. Lebo iandike kwa penseli, uitumbukize ndani. Wino wa kalamu ya nje hufutwa na tone moja la ethanoli. Wavu nao uusuuze kila kituo, la sivyo kopepodi wa kituo cha kwanza utawasoma cha nne.

Na maabara yoyote, ya chuo au ya mtu binafsi, ikikuahidi majina ya spishi bila kuuliza sampuli zilihifadhiwa kwenye nini na lini, chukua chupa zako uondoke.