Maswali Yenu: Kozi nimefaulu ila seva inanishinda

SWALI: Habari za kazi kaka. Nimemaliza kozi ya usalama wa seva na mitandao, slaidi mwanzo mwisho, mtihani nikafaulu vizuri tu. Juzi nimewekwa mbele ya seva ya Linux yenyewe nikabaki naitazama, sijui nianze na nini. Nilipie kozi nyingine? Nina laptopu moja, RAM giga 8.

JIBU: Usilipe kwanza ndugu yangu. Somo unalo, ulichokosa ni mashine ya kuharibu. Laptopu hiyo inatosha, weka VirtualBox, programu ya kutengeneza kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu, ni ya bure, humo ndani tengeneza mashine mbili za Linux za maandishi tu, zisizo na madirisha ya kubofya, giga 1 kila moja zinatembea, moja ndo seva na nyingine ndo mshambuliaji, ukishasakinisha unachohitaji ziunganishe zenyewe kwa zenyewe ili fujo zisitoke nje. Alafu piga snapshoti, yaani hifadhi hali ya mashine ilivyo, ukiharibu unarudi ulipokuwa.

Anza na telneti, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Ndiyo, ni ya zamani na ni mbovu, ndo maana nataka uione. Iweke kwenye seva, washa tcpdump -A, inayoonyesha data inayopita kwenye mtandao, ingia kutoka ile mashine ya pili. Paswedi yako itapita mbele ya macho yako herufi moja moja, wazi kabisa. Rudia kwa SSH, ambayo inafanya kazi ileile ila inaficha data kwa msimbo, unaona takataka tupu. Mi siku niliyoona hivo sikuhitaji tena kushawishiwa na mtu.

Baada ya hapo andika sudo ss -tulpn kwenye seva uone poti zipi (milango ya mtandao) zinasikiliza na programu gani imezishika, usiyoijua kazi yake itafute, usiyoihitaji zima. Sa nenda mashine ya pili upige nmap, inayokagua poti za mashine kutoka nje, ulinganishe majibu, manake seva inavyojiona ndani na inavyoonekana nje ni vitu viwili, na kazi ya faiawoli, ukuta unaochuja nani apite, iko hapo katikati. Ila nmap ni kwa mashine zako tu, ya ofisi omba ruhusa ya maandishi.

Kwenye SSH ndo wengi tunaumia. Tengeneza funguo ya ed25519 (faili la siri la kuingilia badala ya paswedi), hakikisha inaingia, ndo uzime kuingia kwa paswedi na kuingia kama root, yule mtumiaji mkuu. Kabla ya kuiwasha upya jaribu sudo sshd -t ikague mipangilio kama ina kosa, na lile dirisha uliloingilia usilifunge, fungua jingine ujaribu kuingia. Ufw nayo, ile faiawoli ya Ubuntu, ruhusu poti 22 ya SSH kwanza ndo uiwashe. Mi nilishajifungia nje ya seva ya kazini usiku, huduma imesimama watu wanasubiri, sitaki ikukute. Huko VirtualBox jifungie makusudi hata mara tano ujifunze kutoka.

Na apdeti usizidharau, WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia cha Mei 2017, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walishalitolea apdeti tangu Machi.

Ukikwama niandikie, ila nakili mashine inavyosema neno kwa neno, kwa Ubuntu angalia /var/log/auth.log.