Makohozi ya Kijani na Kapsuli za Kemisti

Baridi ya Julai imewabana watu wa Nairobi, na barua nyingi za wiki hii zinakohoa.

*Shuleni tulifundishwa kwamba mapafu hayana kijidudu hata kimoja. Juzi daktari kaniambia ninao bakteria humo. Niogope? — Kayole*

Usiogope, hata mimi ninao. Mwalimu wako hakukudanganya, vitabu vya wakati wake ndivyo vilivyosema. Bakteria walikuwa wakitafutwa kwa kuoteshwa maabarani, na wengi hawaoti huko. Kuna hata wanaouawa na oksijeni. Walipoanza kutafutwa kwa kusoma DNA, wakaonekana. Mwaka 2010 watafiti wa London walionyesha kwamba njia za hewa za wenye pumu zilikuwa na bakteria aina ya Haemophilus wengi kuliko za watu wazima wa afya, ambao walikuwa na aina ya Prevotella zaidi. Wanafikaje huko? Ukilala, mate kidogo huteremka kifuani na bakteria wa kinywani. Mapafu yenye afya huwafagia nje.

*Daktari, baba ana miaka 68 na alivuta sigara miaka mingi. Akitoa makohozi ya kijani tu, mdogo wangu anakimbilia kemisti kununua kapsuli za kuua bakteria. Tunafanya vyema? — Githurai*

Hapa nitakaa kidogo. Mwambie mzee ateme kwenye kikombe cheupe, mkiangalie penye mwanga. Kijani hicho hakitoki kwa bakteria. Ni rangi ya kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, waliofia kazini. Kinakuambia kuna vita, hakikuambii nani kaianzisha. Hata virusi vya mafua hukileta.

Sasa vita yenyewe. Sigara imelegeza vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi juu, kwa hiyo makohozi yanalala na bakteria wanapata shamba. Askari wanakuja na kumwaga vimeng'enya vya kuua adui, lakini vimeng'enya hivyo hivyo vinamega kuta za njia ya hewa na kuzidi kulegeza vinyweleo. Makohozi yanaongezeka, bakteria wanaongezeka, askari wengine wanaitwa. Kapsuli nne za kuonja zitaua bakteria dhaifu na kuwaachia shamba wale sugu, na kifua kitabaki kimevimba vile vile.

Dawa hizo zina siku yake: makohozi yakizidi na kubadilika kuliko kawaida ya mzee, huku pumzi ikikata. Siku hiyo mpelekeni hospitali, msipitie kemisti. Na kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe TB kwanza. Dawa zake ni bure katika hospitali za serikali. Nimechoka kupokea wagonjwa waliotibiwa "kifua" miezi mitatu kumbe ni TB.

*Nina ugonjwa sugu wa mapafu. Nimeandikiwa azithromycin ya mwaka mzima na sina homa. Daktari amekosea? — Umoja*

Huenda hajakosea. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2011 liliwapa wagonjwa kama wewe miligramu 250 kila siku kwa mwaka mmoja, na vipindi vya kuzidiwa vikapungua. Dawa hii hutuliza uvimbe pia, mbali na kupiga bakteria. Lakini baadhi yao masikio yalipungua nguvu. Muulize daktari kama umepimwa moyo na masikio, na kama makohozi yako yamechunguzwa. Kama bado, rudi kabla ya kumeza.

*Mwanangu wa miaka sita ana pumu. Nimeambiwa mala ina bakteria wazuri, nimpe aache inhela? — Eastleigh*

Mama, mala mpe anywe, ni chakula kizuri. Inhela asiache. Bakteria wa mala wanaishia tumboni, na hakuna aliyethibitisha kwamba wanatibu pumu. Inhela ya kuzuia uvimbe ndiyo inayofika mahali palipovimba. Akishaivuta asukutue kinywa kwa maji na kutema, la sivyo utando mweupe utamwota ulimini.