Mtoto alisema, kisha akakana mbele ya kikao: je, alidanganya?

SWALI: Binti yangu wa miaka 9 alimwambia bibi yake kwamba baba yake mdogo humshika sehemu za siri wanapobaki wawili nyumbani. Wazee wakaita kikao, wakamsimamisha sebuleni, na baba mdogo mwenyewe amekaa pale. Alipoulizwa akajibu, "Hapana, nilidanganya." Sasa mume wangu na ndugu zake wanasema mtoto afunzwe adabu na mambo yaishe kifamilia. Nitajuaje kama alisema kweli? – Mama, Morogoro

JIBU: Dada, kwanza kabisa, binti asibaki tena peke yake na huyo baba mdogo, hata dakika tano. Hilo halisubiri ukweli ujulikane.

Kukana kwake pale sebuleni si ushahidi kwamba alidanganya. Hebu kaa mahali pake. Babu yupo, baba yupo, mashangazi wamenyamaza, na anayetajwa anamtazama usoni. Tangu azaliwe amefundishwa kuwaamkia wakubwa, kutowajibu, kutowachongea. Kwa mtoto, swali lililoulizwa pale halikuwa "nini kilitokea?" Lilikuwa "uko tayari kutuvunjia ukoo?" Akajibu hilo.

Jambo hili linajulikana kitaalamu. Mwaka 1983 daktari wa akili wa Marekani, Roland Summit, alieleza jinsi watoto walioguswa na ndugu wa karibu wanavyokaa na siri, wanavyochelewa kusema, na wanavyorudi nyuma wakishasema. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Los Angeles uliopitia kesi 257 zilizothibitishwa: karibu robo ya watoto walikana wakati fulani. Waliokana zaidi ni wadogo kiumri, waliotendewa na mtu aliye kama mzazi kwao, na wale ambao mlezi wao asiyehusika hakusimama upande wao. Hili la tatu liko mikononi mwako.

Katika kazi yangu ya ustawi wa jamii niliwahi kukaa na binti aliyechora nyumba karibu nusu saa bila kusema neno. Kisha, bila kuinua kichwa, akauliza: "Nikisema, nani atalipa ada yangu?" Mtuhumiwa ndiye aliyekuwa anamsomesha. Watoto hupiga hesabu ambazo sisi hatuzioni: mama atapigwa, baba atafungwa, nitaambiwa nilijitakia. Ndiyo maana wengi huanza kwa kuonja. Atasema "simpendi baba mdogo," au "sitaki kulala kule," halafu anakuangalia usoni. Ukifoka, anafunga mdomo. Binti yako alimchagua bibi, na naamini hakumchagua kwa bahati.

Sasa usimhoji upya. Mtoto anayeulizwa jambo moja mara tatu hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, akalibadilisha ili akuridhishe. Wala usimtilie maneno mdomoni: "Alikushika hapa, eti?" Maswali ya namna hiyo yanaweza kumfanya mtoto aseme yasiyokuwapo, na mbele ya sheria yanaharibu hata yale ya kweli. Akianza mwenyewe kuzungumza, acha sufuria, kaa chini macho yenu yawe usawa mmoja, sema tu "niambie," kisha "halafu ikawaje?" Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu utalazimika kusema. Leo mwambie hivi: "Ulipomwambia bibi ulifanya vizuri. Kosa ni letu wakubwa kukuuliza mbele ya watu."

Kumaliza kifamilia sikubaliani nako hata kidogo. Hili ni kosa la jinai, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ukikosa pa kuanzia, piga 116 bila malipo. Kama kuna lolote lililotokea ndani ya saa 72, anzeni hospitali, maana dawa za kukinga maambukizi ya VVU hazingoji. Muda huo ukiwa umepita, nendeni vilevile. Na usivunjwe moyo na anayesema "hakuna shahidi": katika makosa ya kujamiiana, mahakama zetu zinaweza kumtia mtu hatiani kwa neno la mtoto peke yake, zikiridhika kwamba anasema kweli.

Ukienda, nenda na bibi. Yeye ndiye aliyesikia maneno ya kwanza, kabla ya kikao kuyavuruga. Mwambie ayaandike leo, au akuambie uandike wewe: siku ile walikuwa wanafanya nini, mtoto alianzaje, alitumia neno gani. Kama alisema "kidudu," andikeni "kidudu", msimsahihishie.