Samaki mdogo ukimrudisha majini, anapona kweli?

Ndugu uliyeuliza kama sheria ya kipimo cha chini, ile inayotutaka tumrudishe samaki asiyefikia urefu uliowekwa, ina faida yoyote ikiwa samaki tunayemrudisha anakufa hata hivyo: swali lako nimeishi nalo. Navua kwa mshipi kwa kujifurahisha, mwaka wa 15 sasa. Siku moja nilimpandisha changu kutoka kilindini, nikampima, hakufika, nikamwachia. Akabaki anaelea tumbo juu nyuma ya boti mpaka akapotea machoni. Sheria niliitii, na samaki akafa.

Kipimo huwekwa ili samaki apate kutaga mayai walau mara moja kabla hajavuliwa. Hesabu hiyo inamtegemea yule anayerudishwa aendelee kuishi, na hapo mkono wako una kazi kubwa kuliko rula.

Kilichomuua changu wangu ni kina. Mita 10 chini ya maji, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Mita 30, ni mara nne. Ukimvuta haraka, hewa iliyo kwenye kibofu chake cha hewa inatanuka kwa kiasi hicho hicho, macho yanatokeza, na kitu kama puto kinamtoka mdomoni. Tafadhali msikitoboe! Wengi hudhani ndicho kibofu, kumbe ni tumbo lake. Mrudishe chini kwa uzito: kikapu kilichopinduliwa chenye chubwi, au kibanio cha mdomo kinachojifungua kikifika kilindini. Huko Marekani, sheria iliyoanza kutumika 2022 ilimtaka anayevua samaki wa miambani kwenye maji ya Ghuba ya Meksiko yaliyo chini ya serikali kuu awe na kifaa cha kumshushia samaki, au sindano ya kumtoa hewa mwilini, tayari chomboni.

Halafu ndoana. Ikinasa mdomoni, wengi hupona. Ikimezwa inafika karibu na moyo na matamvua, na miaka ya mwanzo nilikuwa naing'oa kwa koleo, damu inatoka, nami najiambia nimemsaidia. Siku hizi nakata mshipi karibu na mdomo na kumwachia nayo. Nafasi yake ya kuishi ni kubwa zaidi hivyo. Tena nimehamia ndoana za duara, ambazo hunasa pembeni mwa mdomo mradi usishtue fimbo, uache mshipi ukaze wenyewe. Zilizomezwa zimepungua mno.

Mikono iwe na maji, maana ute wake ndio kinga yake. Maji yakipata joto sana hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyepigana muda mrefu hapo huchoka asiweze kurudi. Majira hayo mimi sivui.

Ila kipimo cha chini peke yake hakinitoshi. Jike kubwa hutaga mayai mengi kupita majike kadhaa madogo, na sheria ya namna hiyo inatutuma tumchukue yeye. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, wakubwa wakageuka madume; barramundi, samaki mkubwa wa Australia, huenda kinyume, dume kwanza, kwa hiyo wakubwa wake ndio majike. Jimbo la Queensland huko Australia wameweka mipaka miwili kwa barramundi, sentimita 58 hadi 120, na mwenye kuzidi hapo anarudi majini. Huo ndio utaratibu ninaoutamani kwa samaki wengi zaidi.

Na nikiopoa wadogo watatu mfululizo sehemu moja, navuta nanga nahama.